CD ya Harusi na Maji ya Unga ya Bibi

S.L.P. 1846,
Butimba,
Mwanza.
9 Novemba 1998

Mpendwa kaka Pius,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Nijmegen, na kwamba kile kikohozi cha baridi ulichotuandikia kimekuachia. Sisi hapa tu wazima. Josephat anaamka alfajiri kwenda kiwandani kwenye minofu kama kawaida, na akirudi hakuna sabuni inayomtoa harufu ya sangara. Antoni ana meno mawili ya chini na sasa anasumbuliwa na ya juu, kwa hiyo mimi na usingizi tumeachana kwa muda. Bibi Sabina naye ni mzima. Leo naliandika neno hilo kwa raha, maana ningekuandikia wiki tatu zilizopita lingekuwa uongo.

Msalimie mwenzako Marijke. Utaona bado nasema "mwenzako". Baba alitukataza kumwita kwa jina lolote la ukwe mpaka yeye mwenyewe aridhike, na mimi siwezi kumruka baba yangu. Lakini soma taratibu mpaka mwisho, usiruke ukurasa. Nimejilazimisha kuanza na salamu kama tulivyolelewa, ila furaha inanikimbiza, na mtoto amelala mchana huu, sijui atanipa muda gani.

Kaka, ile CD imesoma! Harusi yako tumeiona jana, sisi wote, hapa sebuleni kwangu!

Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe unadhani ulimpa yule padre aliyekuwa anakuja huku bahasha atuletee, sisi tukaweka CD kwenye deki, tukapiga makofi, basi. Haikuwa hivyo. Nusura ndoa yako ikataliwe na ukoo mzima, na kisa ni hiyo CD.

Kwanza uelewe jambo la Baba. Ulipotuma zile picha, mimi nilifurahi, Josephat alifurahi, hata majirani walizipitisha mkono kwa mkono. Baba alizitazama, akazirudisha kwenye bahasha, akasema, "Picha imesimama. Mtu yeyote anaweza kusimama na mtu yeyote." Nikamwambia, Baba, si wanatabasamu? Akanijibu, "Ndiyo. Wote wanatabasamu. Baba wa binti yuko wapi humo?" Na kweli kaka, katika picha zote ulizochagua wewe, hakuna hata moja yenye mzee wa upande wa pili.

Hukumwandikia Baba kabla ya harusi. Ulimwandikia baada. Hapo ndipo ulipokosea, na nakwambia kwa kuwa nakupenda. Unajua habari ya Shangazi Dorcas kama ninavyoijua mimi, alivyobebwa na vijana njiani akitoka kuchota maji, akafanywa mke wa mtu kabla jua halijazama, na marehemu Babu alivyozunguka vijiji vyote mpaka kule Magu akiuliza kama kuna aliyemwona mwanawe. Baba alikuwa kijana mdogo, ndiye aliyekuwa anamshikia Babu fimbo na kibuyu. Kwa hiyo mwanawe anapoandika tu kwamba nimeoa, Baba haoni suti. Anaona mzee mwingine huko Uholanzi anazunguka na fimbo. Akasema mkija Krismasi hatampokea huyo binti kama mkwe, atampokea kama mgeni, mpaka aone kwa macho yake kwamba alitolewa na wazazi.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba unatuma CD ya harusi nzima, uliyoichoma mwenyewe kwenye kompyuta, nilishukuru Mungu. Nikamwambia Baba hii haijasimama, hii inatembea, utamwona baba wa binti akitembea. Akakubali. Akasema atakuja na Baba Mdogo Shimba na Bibi, wote kutoka Kisesa, waione pamoja.

Wakaja Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimepika wali na sato, nimeomba viti kwa jirani yetu Ojuok, televisheni nimeifuta mpaka inang'aa. Kabla hatujaiweka CD, Bibi akaiomba. Unamjua Bibi. Chochote kinachotoka safari ya mbali lazima akibariki, iwe mtoto mchanga au baiskeli mpya. Akachanganya unga wa mtama na maji kwenye kikombe, akajaza kinywa, akaipulizia CD pande zote mbili huku akitaja majina ya wazee. Mimi nikaifuta kwa kanga laini, nikaikausha vizuri, Josephat akaiweka.

Deki ikanguruma. Ikazungusha, ikanyamaza, ikazungusha tena. Halafu ikaandika kwa Kiingereza kwamba humo ndani hamna CD!

Josephat akaitoa, akairudisha. Hamna. Akazima umeme, akawasha. Hamna. Watu wanatazama kioo cha buluu. Ndipo Baba Mdogo Shimba, ambaye toka mwanzo hakuipenda habari hii, akajiegemeza kwenye kiti na kusema, "Mmeona wenyewe. Mama ameita wazee, wazee wamekuja, wameifuta. Wamekataa."

Kaka, nilitamani kumjibu lakini ni baba yangu. Baba akachukua kofia yake. Lakini aliyeniumiza ni Bibi. Alikuwa bado ameshika kikombe cha unga, akakitazama kama kimemng'ata.

Waliondoka, Bibi nikambakiza hapa kwangu kwa kisingizio cha kunisaidia mtoto. Akawa mtu mwingine. Chakula anagusa na kuacha. Antoni akapata homa ya meno, nikamletea ambariki kama alivyowabariki wajukuu wote, akageuza uso. "Usinipe mtoto, Mina. Kinywa changu kimeharibika. Kimefuta harusi ya Pius, kitafuta na huyu." Nikalia jikoni, sikufichi. Baba akaleta ujumbe kwamba kama hakuna CD ya kuona, baada ya wiki mbili watakaa kikao na jambo litaisha. Maana yake litaisha vibaya.

Hapo nikasema hapana. Mimi si fundi, elimu yangu unaijua. Lakini nina mtoto asiyesema, na kila siku kazi yangu ni kutafuta analia nini. Unaangalia nepi, siyo. Unampa ziwa, siyo. Unamshika tumbo. Unaondoa kimoja kimoja mpaka unakikuta. Nikaona hii CD nayo ni mtoto analia.

Nikaanza na deki yenyewe. Ilipokuja ilikuwa na CD yake ya bure, ya Wachina wanaoimba kando ya bwawa, na maneno yanapita chini. Nikaiweka, Wachina wakaimba. Basi deki ni nzima.

Nikachukua ya kwako nikaenda kwa Ojuok, kwake kuna deki kubwa kuliko yetu. Ikaitema. Ojuok akacheka, "Shemeji, imeitema kama mtoto anavyotema kwinini!" Nikaenda nayo kwenye kibanda cha video kule barabarani, Antoni mgongoni, mwenye kibanda akaijaribu kwenye deki mbili. Hakuna. Akanirudishia akisema hizi za kuchomwa nyumbani zina matatizo, si kama za dukani, lakini tatizo lenyewe hakulijua. Basi ugonjwa uko kwenye CD. Na hapo ndipo nilipogota, maana Baba Mdogo naye alisema hivyohivyo, ugonjwa uko kwenye CD, na aliyeuweka ni Bibi.

Nikafikiri jambo, kaka, mpaka leo najisifu. Nikachukua CD ya Wachina, nikaenda kwa Bibi na kikombe cha unga. Nikamwambia, Bibi, naomba uwabariki hawa. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Hawa ni akina nani?" Nikamwambia ni watoto wa watu, wanaimba mbali na kwao. Akakataa. Nikambembeleza, nikamwambia kama kinywa chako kinafuta, na kiwafute hawa, sitakudai, nimechoka nao kuliko unavyojua. Akacheka! Mara ya kwanza toka siku ile. Akachukua maji, akapuliza, tena alipuliza kwa hasira, mpaka ukutani. Nikaifuta kwa kanga ileile, nikaikausha vilevile, nikaiweka mbele yake.

Wachina wakaimba kuliko mwanzo! Bibi akasimama, akashika kiuno, akasema, "Kumbe mzima mimi!" Akawachezea Wachina wale mpaka wimbo ukaisha. Halafu hakuniuliza, alimchukua Antoni mgongoni kwangu na kumbariki kichwa kizima, mtoto akabaki mweupe kama mandazi kabla ya kukaangwa. Jioni ile alikula ugali wake wote.

Sasa nikajua maji hayana kosa. Lakini CD ilikuwa bado imegoma, na siku za Baba zinakwenda.

Nikamkumbuka Selestina, tuliyemaliza naye darasa la saba, yule aliyeenda kusoma uchapaji. Siku hizi yuko mjini kwenye ofisi ya kutengeneza mabango, na ofisini kwao kuna kompyuta inayochoma CD, ndimo wanamohifadhi kazi za wateja. Nikamfuata saa ya chakula. Akaiweka kwanza kwenye kompyuta yake ya kawaida. Ikasema tupu. Nikasema, basi Baba Mdogo atacheka mpaka Pasaka. Selestina akasema subiri, tuijaribu kwenye ile inayochoma.

Akaiweka. Ikafikiri kidogo. Halafu akaniita nisogee. Harusi yako ilikuwa humo, kaka, imekaa kimya inatusubiri! Selestina akasoma maandishi ya kwenye kioo, akaniuliza, "Kaka yako aliandika chochote kuhusu kuongeza vitu?"

Nikakumbuka ile karatasi uliyoiweka kwenye bahasha. Uliandika, nimeacha nafasi, nikija Krismasi tutaongeza za nyumbani. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni neno zuri tu. Kumbe ndilo lililotuponza! Selestina alinieleza hivi: ukichoma CD na kuiacha wazi ili uongeze baadaye, ile kompyuta inayochoma inaielewa. Lakini deki ya nyumbani inatafuta kwanza alama ya kwamba kazi imekwisha, na isipoikuta, inahesabu hakuna kitu. Haikufutwa na mtu. Haikumaliziwa tu. Na wewe ulifanya kwa wema, ulitaka na sisi tuwemo ndani pamoja nanyi.

Selestina akasema anaweza kuimalizia palepale, ila umeme ukikatika katikati, CD inakufa kabisa na hakuna wa kuifufua. Na unajua umeme wetu. Asubuhi ileile ulikuwa umekatika mara mbili. Tukatazamana. Nikafikiri nikuandikie utume nyingine, lakini barua iende, CD irudi, kikao kingekuwa kimepita zamani. Nikamwambia, bonyeza.

Kaka, sijawahi kuomba rozari kwa kasi ile. Feni ya juu ikapunguza mwendo, nikashika meza. Antoni akachagua wakati huohuo kulia. Feni ikarudi. Kile kitaa cha kompyuta kikawaka na kuzimika, kikawaka na kuzimika, halafu CD ikatoka yenyewe, ya moto kidogo. Selestina akasema, "Chukua harusi yako, mama." Nikambusu!

Sikuijaribu kwa Ojuok. Nilikimbilia kwangu, nikaiweka, na ulipotokea wewe na suti ya kijivu na nywele umezikata vibaya, nikazima. Nilitaka kuiona na wao.

Jana wakaja tena, Baba Mdogo akiwa na uso wa mtu aliyeitwa kushuhudia anachokijua tayari. Kabla hatujaiweka, Baba akamwambia Bibi apumzike tu leo. Bibi akasema, "Nipe kikombe." Akaipulizia tena, mbele ya Baba Mdogo, taratibu, akimtazama machoni. Mimi roho iko mkononi, maana safari hii maji yangeweza kuingia mahali na nikaaibika. Nikaifuta. Josephat akaiweka. Deki ikanguruma, ikazungusha...

Kengele za kanisa zikalia sebuleni kwangu!

Ojuok, aliyekuwa amesimama mlangoni eti amefuata viti vyake, akapiga mluzi. Baba akasogeza kiti mbele mpaka magoti yakagusa meza. Tukakuona wewe mbele ya altare, unahamahama kama mtu mwenye siafu miguuni. Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia Marijke, na mzee mrefu mwembamba amemshika mkono.

"Ndiye huyo?" Baba akauliza. Nikasema ndiye, baba yake. Wakatembea mpaka mbele. Yule mzee akauchukua mkono wa binti, akauweka kwenye mkono wako. Mimi nilidhani hapo imetosha. Baba akangoja. Yule mzee akarudi kwenye benchi lake, akakaa, akatoa kitambaa, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Rudisha," Baba akasema. Josephat akarudisha. Mzee akalia tena. "Rudisha." Tukarudisha mara nyingi, sijui ngapi, yule mzee wa watu tumemliza mchana kutwa. Bibi akamsalimia kwenye kioo kwa Kisukuma, "Mwadila!" kisha akatugeukia, "Amenisikia, ila koo limejaa."

Baba akaegemea kiti. Akasema polepole, "Aliyeibiwa mtoto hakai kwenye benchi. Angekuwa njiani anatafuta. Huyu amekaa, analia. Huyu ametoa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, na kaka, hakuifuta kwa sababu ya vumbi. Nadhani alikuwa anamwona Babu.

Sote tukamgeukia Baba Mdogo Shimba. Alikuna shingo. Akasema, "Kwani mimi nilisema nini? Nilisema wazee wamekuja. Sikusema wamekuja kukataa." Bibi akamrushia unga uliobaki kikombeni, akampata kwenye koti. Tulicheka mpaka Antoni akaamka.

Sasa sikiliza maneno ya Baba, niliyaandika pembeni ya gazeti ili nisiyapotoshe. Anasema umwandikie yule mzee, barua yako mwenyewe, umwambie kwamba kuna baba mwenzake huku Kisesa aliyemwona akilia, na kwamba binti yake hatapotea. Anasema Krismasi mtashukia kwake, si kwangu wala hotelini, na ndama jike wa yule ng'ombe mwekundu ni wa Marijke toka jana. Mama Mdogo kule Kisesa ameshaanza kusafisha chumba chenu.

Na haya ni maneno yangu. Ukichoma CD nyingine, imalizie, usiache nafasi hata ya kidole. Ijaribu kwanza kwenye deki ya jirani yako, si kwenye kompyuta yako tu. Chomeni mbili, moja ikae huko. Na jambo kubwa usimwambie Baba kwa picha baada ya kutendeka, mwambie kwa barua kabla. Nimekutetea safari hii na mtoto mgongoni na usingizi machoni, na ningekutetea tena. Ila nisilazimike, kaka yangu.

Josephat anakusalimu sana, anauliza kama huko nako sangara wetu anauzwa na kama anafika akiwa mzima. Baba Mdogo Shimba anakusalimu, anasema koti lake utamfulia wewe. Selestina na Ojuok wanakusalimu ingawa hamjaonana. Shangazi Dorcas tumempelekea habari, akaomba aletwe naye amwone mzee anayelia, Jumapili ijayo anakuja.

Mungu awafunike nyote wawili, awafikishe mwilini na rohoni mkiwa wazima mpaka mlangoni kwa Baba.

Na sasa kwa ruhusa ya Baba: nisalimie wifi yangu. Naandika tena kwa kuwa ni tamu. Nisalimie wifi yangu Marijke, mwambie wifi yake Wilhelmina anamsubiri.

Ukiona wino umesambaa hapa chini na karatasi imekauka ngumu, usidhani ni mvua wala machozi yangu. Bibi ameiomba barua kabla sijaifunga, na kikombe ameshakijaza.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikugombeza,

Wilhelmina